Maswali ya wasomaji: skeiti kwenye barabara za lava

SWALI: Nilinunua skeiti (ubao wa magurudumu manne) ya mtumba soko la Virunga. Kwenye sakafu ya saruji inakwenda vizuri, lakini nikitoka barabarani kila kijiwe kinaisimamisha ghafla, mimi natupwa mbele. Magurudumu yameandikwa 52 mm na 101A. Shida ni nini?
Msomaji, Himbi, Goma

JIBU: Shida ni magurudumu, kaka, si miguu yako. Namba ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni ugumu. 101A ni gumu sana: likikutana na changarawe ya lava, yaani mawe ya volkeno, halipandi wala halibonyei, linagota. Tafuta ya milimita 58 hadi 60, ugumu wa 78A hadi 85A. Yatapunguza mwendo kwenye sakafu laini, lakini barabarani utapumua.

Angalia jambo moja kabla ya kuyafunga. Gurudumu kubwa hugusa tumbo la ubao unapopinda, na likigusa linakwama papo hapo. Kati ya ubao na kila ekseli weka kipande cha plastiki ngumu chenye unene wa milimita 6, kisha tafuta boliti 8 zilizo ndefu zaidi kwa milimita hizo 6. Ukirudisha za zamani, boliti hazitafika kwenye pete ya nailoni iliyo ndani ya nati, na nati zitafunguka njiani.

Taabu hiyo waliijua wapandaji wa California miaka ya 1950 na 1960. Walianza na magurudumu ya chuma, wakaenda kwenye yale ya udongo mgumu, na kijiwe kidogo kilitosha kumwangusha mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy alileta magurudumu ya poliurethani, plastiki inayobonyea na kurudi. Kwa maoni yetu hakuna kifaa kingine kilichoubadilisha mchezo huu kiasi hicho.

SWALI: Magurudumu yangu yanalia kama panya na hayazunguki tena. Rafiki ananiambia niyamwagie mafuta ya kupikia.
Msomaji, Katindo, Goma

JIBU: Usithubutu, dada. Mafuta ya kupikia huganda na kuwa gundi. Kinacholia ni beringi, pete za chuma zenye gololi zilizo ndani ya gurudumu, na kilichoingia humo ni vumbi la mawe ya volkeno, ambalo husaga chuma kama msasa.

Fungua nati ya gurudumu kwa ufunguo namba 13. Beringi ni mbili kwa kila gurudumu, jumla 8, na karibu zote duniani ni za kipimo kimoja: tundu milimita 8, upana wa nje 22, unene 7. Zitoe kwa kuzikwanyua na ncha ya ekseli yenyewe. Kama kifuniko chake ni cha mpira, kiinue taratibu kwa pini kutoka ukingo wa ndani, ukioshe kwa sabuni, ukiweke kando, petroli hukivimbisha. Tia beringi kwenye kichupa, mimina petroli izifunike, funga, tikisa dakika tano. Mwaga, rudia mpaka petroli itoke safi. Fanyia nje, mbali na mbabula (jiko la makaa) na sigara.

Zikaushe kabisa, kila moja uizungushe kwa kidole. Ikikwaruza bado, itupe, kwa sababu njia ya gololi imeshachimbika na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Nzima zipewe tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, basi. Yakizidi yanavuta vumbi, na wiki ijayo utarudi kutuuliza. Anayepita njia za vumbi kila siku afadhali apake grisi kidogo: gurudumu litazunguka polepole zaidi, lakini vumbi litapata kizuizi.

Ukirudisha, usisahau kibomba kidogo kinachokaa katikati ya beringi mbili. Bila hicho, nati ikikazwa huzibana ubavuni na kuziua. Kaza mpaka gurudumu ligome, halafu legeza kidogo mpaka licheze kwa unywele tu. Mvua ikikunyeshea, zikaushe na kuzitia mafuta siku hiyo hiyo; kutu haingoji.

SWALI: Mzee wetu anasema skeiti ilitokana na chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Ni kweli?
Msomaji, Majengo, Goma

JIBU: Heshima kwa mzee, lakini hapana. Chukudu ilienea Kivu Kaskazini miaka ya 1970, na wakati huo skeiti ilishakuwa na miaka ishirini Marekani. Ila mzee ameona undugu uliopo kweli. Kabla ya skeiti, watoto wa Marekani walipigilia magurudumu ya viatu vya kutelezea chini ya ubao, wakasimamisha sanduku la matunda mbele na kushikilia hapo. Lilipoondolewa sanduku, ilibaki skeiti. Kwetu mshikio haukuondolewa kwa sababu chombo kinabeba makaa, viazi na kabichi kutoka milimani, mamia ya kilo, na dereva anapaswa kukiongoza huku amepiga goti moja.

Itazameni chukudu kwa karibu, siyo ile sanamu ya rangi ya dhahabu ya kwenye rond-point (mzunguko wa barabara) bali inayofanya kazi. Gurudumu ni la mbao, na ukingo wake umevikwa ukanda wa tairi kuukuu uliopigiliwa misumari. Goti linalala juu ya mpira wa kandambili. Nyuma kuna kipande cha tairi: mguu ukikikanyaga, kinasugua gurudumu na kupunguza mwendo. Mafundi wetu walipata jibu lile lile la Nasworthy, kitu kilaini kati ya gurudumu na jiwe, bila kiwanda.

SWALI: Naweza kuchonga ubao wa skeiti kwa mti wa mikaratusi?
Msomaji, Ndosho, Goma

JIBU: Wa kutembelea, ndiyo, wa kuruka, hapana. Ubao wa dukani kwa kawaida ni tabaka 7 za mbao nyembamba zilizogundishwa, baadhi nyuzi zake zikikatiza nyingine, ndiyo maana mkia unavumilia kugongwa chini. Ubao wa kipande kimoja hupasuka kwa kufuata nyuzi. Chukua uliokauka vizuri, milimita 20 hadi 25, usio na fundo katikati, na matundu uyatoboe kwa keekee ya milimita 5 huku ekseli yenyewe ikiwa kipimo chako.