Jeli ya kuchapia seli: anza na namna utakavyoitoa

Mkuu, umeuliza jeli ipi inafaa kushikilia tishu wakati printa ya 3D inaichapa ndani yake kwa sindano, na umesema nyuzi zako za kolajeni (protini inayojenga tishu za mwili) zinaburutwa na sindano kila inapokata kona. Nimefanya kazi hii muda mrefu. Kabla ya kuuliza jeli ipi inashika vizuri, jiulize utaitoaje ukishamaliza, na seli zitapitia nini wakati unaitoa.

Jelatini inapendwa kwa sababu hiyo hasa. Njia ya kuchapa ndani ya jeli iitwayo FRESH, iliyotangazwa mwaka 2015 na timu ya Adam Feinberg wa Carnegie Mellon, hutumia chembechembe za jelatini zilizoshindiliwa pamoja. Kwenye ubaridi zinashika. Ukipandisha joto hadi nyuzijoto 37 za Selsiasi zinayeyuka zenyewe, na joto hilo ndilo seli zetu zimelizoea. Hukwangui kitu. Carbopol, jeli nyingine ya polima, nayo ni angavu, unaona kazi yote inavyokwenda, ila inachukia chumvi: jeli iliyosimama vizuri kwenye maji safi inalegea ukiichanganya na maji ya kukuzia seli.

Sasa tatizo lako. Kuna mwenzetu amekushauri uongeze ugumu wa jeli tu, mimi sikubali. Jeli inatakiwa isimame ikiachwa, itiririke sindano inapoisukuma, kisha ijifunge papo hapo. Ikiwa laini mno, wino (yaani kile unachochapa) unaifuata sindano. Ikiwa ngumu mno, sindano inaacha mtaro wazi nyuma yake na wino unapanda humo badala ya kukaa ulipowekwa. Pitisha sindano tupu kwa kasi ileile utakayochapia, mulika taa kutoka ubavuni, utazame. Mtaro ukibaki wazi, punguza ugumu au tumia sindano nyembamba zaidi. Chembe za mbali na sindano zikitikisika zote, hapo ndipo uongeze.

Lakini kwa kolajeni ningeanzia kwenye pH, yaani kipimo cha asidi. Kolajeni hubaki majimaji kwenye asidi na huganda asidi inapoondolewa, kwa hiyo maji yaliyo katikati ya chembe lazima yawe na bafa (kemikali inayozuia pH isibadilike), mfano HEPES, kwenye pH 7.4 hivi. Bafa ikiwa dhaifu uzi unachelewa kuganda, na sindano ikirudi jirani inauvuta. Na tafadhali, usichanganye seli ndani ya kolajeni yenye asidi. Zipe wino wake wa pembeni. Aljineti, wino unaotokana na mwani, ni habari nyingine, yenyewe inataka kalisi ili igande. Kalisi ikizidi wino unagandia mdomoni mwa sindano, na tabaka hazishikani.

Ukubwa wa chembe nao usiupuuze. Zile za 2015 zilisagwa kwa blenda, zikatoka na kingo zisizo sawa, wastani wa mikromita 65. Toleo la FRESH la 2019 lilitengeneza chembe za mviringo za mikromita 25 hivi, na nyuzi zikaweza kushuka hadi karibu mikromita 20. Chembe za kitanda zikiwa kubwa, uzi hautoki mwembamba.

Viputo vya hewa vitoe kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) kabla ya kumimina, kwa sababu kiputo kimoja kinatosha kukata uzi.

Tuwekee hapa picha ya huo mtaro na pH uliyopima, tuone shida inaanzia upande gani.