Maswali ya Wasomaji: Mkuu wa Shule na Walimu Wake

SWALI: Nina muhula mmoja tangu niteuliwe kuwa mkuu wa shule yenye walimu 24. Siku yangu huishia kwenye makaratasi na wageni. Nikiingia darasani, walimu wanaona nimekuja kuwapeleleza. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye ratiba yako mwenyewe. Kwa siku nne za juma, tembelea madarasa mawili kila siku, dakika 15 kila moja. Hayo ni madarasa manane kwa juma. Baada ya majuma matatu umeshamfikia kila mwalimu. Muda huo makamu wako apokee wageni, nawe usiitwe ila kwa dharura. Usipomkabidhi jukumu hilo waziwazi, juma la pili tu vikao vitakuwa vimeshameza kila kitu.

Hofu ya walimu ina sababu: wengi wamezoea kumwona mkuu akija na fomu ya tathmini mkononi. Kabla ya kuanza, waeleze kikaoni utaangalia nini, na kwamba utakayoandika hayaingii kwenye faili la mtu. Kisha timiza. Anza na walimu wanaosifika, maana ukianza na wanaolegalega, kila mlango utakaobisha utachukuliwa kuwa hukumu. Kama nawe una vipindi, waalike waje wakuone ukifundisha.

Ukiwa ndani, usimkodolee mwalimu macho. Keti kando ya wanafunzi, fungua madaftari mawili matatu, uliza kwa sauti ya chini: “Hapa mnajifunza nini?” Andika ulichokiona, si maoni yako. “Ushirikishwaji hafifu” hakumsaidii mtu. “Maswali 9 yameulizwa, waliojibu ni wanafunzi 4, wote wa safu ya mbele”: hapo mna jambo la kuzungumza.

Mrejesho utoe siku hiyohiyo au kesho yake, dakika 10 zinatosha. Mwache mwalimu aanze yeye. Halafu chagueni jambo moja tu la kurekebisha, kwa mfano aulize swali, anyamaze sekunde 3 hadi 5, ndipo ataje jina la wa kujibu. Afanye jaribio mbele yako hapohapo, kwani kuitikia kwa kichwa si kuweza. Pangeni siku utakayorudi. Hapa ndipo wakuu wengi hujikwaa: hutoa mapendekezo sita, hawarudi, na mwalimu hafuati hata moja.

SWALI: Mwalimu aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi huchelewa kipindi cha kwanza. Naona haya kumkabili. Nililisema kikaoni kwa jumla, halikusaidia.

JIBU: Lisingesaidia. Wanaowahi wamejisikia kulaumiwa bure, naye mhusika wala hakujua anasemwa yeye. Mwite faragha, si mlangoni wala kwa ujumbe wa simu, ukiwa na tarehe kutoka daftari la mahudhurio. Heshima haikuzuii kusema wazi: “Mwalimu, juma hili mara tatu darasa limekaa dakika 20 bila mwalimu. Kuna tatizo gani?” Halafu nyamaza umsikilize. Pengine anauguza nyumbani, na kumbadilishia kipindi kutamaliza jambo. Pengine ni mazoea tu. Vyovyote iwavyo, andikeni mlichokubaliana na mkutane tena baada ya majuma mawili. Hali ikiendelea, fuata taratibu za utumishi. Kumsihi mara ya nne kwa maneno yaleyale ni kuwafundisha wengine kwamba kuchelewa hakuna gharama.

SWALI: Kila kazi ninayokasimu hunirudia mezani. Kwa nini?

JIBU: Mara nyingi ni kwa sababu umekabidhi kazi ukabaki na mamlaka. Mwambie mhusika matokeo unayoyataka, mambo anayoweza kuamua bila kukuuliza, kiasi cha fedha anachoruhusiwa kutumia na siku ya kukupa taarifa. Mzazi akikujia kwa jambo hilo, mwelekeze kwake. Ukilitatua wewe mara moja tu, wote watapitia kwako.