Sinema za ujana: akiondoka nani, anabaki nani?

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja: filamu za vijana, marafiki zao na wapenzi wao, hasa wale wapenzi ambao majirani wakiwaona hunong'onezana. Nimechagua chache. Ninasimulia miisho bila kuficha, kwa hiyo asiyependa kusimuliwa aruke jibu linalohusu filamu ambayo hajaiona.

Kwa nini marafiki kwenye filamu hizi huachana mwishoni hata kama hawakukosana? Nimeangalia ile ya wavulana wanne na reli, nikalia. (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Unasema *Stand by Me* ya Rob Reiner, ya mwaka 1986. Wavulana wanne wa mji mdogo huko Oregon, Marekani, mwaka 1959, wanafuata reli kwa miguu kwenda kutafuta maiti ya mtoto aliyegongwa na treni. Anayesimulia ni mmoja wao, Gordie, sasa mtu mzima na mwandishi. Ameanza kukumbuka kwa sababu amesoma gazetini kwamba Chris, aliyekuwa naye chanda na pete, amechomwa kisu akiamulia ugomvi wa watu asiowajua.

Lakini Chris si yule anayeniuma zaidi. Wanaoniuma ni Teddy na Vern, wale wawili wengine. Hakuna aliyegombana nao. Shule ilianza, wakawa sura za kupishana nazo kwenye korido, basi. Sisi tunalijua hili hata bila sinema: matokeo ya darasa la saba yanatoka, mmoja kapangiwa bweni mkoa mwingine, mwenzake kabaki kuuza duka la mjomba, na hakuna aliyemkosea mwingine. Kwenye mapenzi kuna siku ya kuachana, unaweza hata kuitaja tarehe. Urafiki wa utotoni hauna siku hiyo, na mwongozaji wa filamu anakuwa na kazi ngumu ya kuonyesha jambo lisilotokea siku yoyote.

Ukitaka kuona alivyofanya fundi mwingine, tafuta *Les Quatre Cents Coups* ya François Truffaut, ya 1959. Antoine kafungiwa kwenye kituo cha watoto watukutu. René, rafiki yake, kaja na baiskeli kumwona, na mlinzi anamkatalia kuingia. Wanaonana kwa mbali tu. Truffaut haweki machozi pale. Anakwenda kwenye tukio linalofuata.

Binti yangu wa miaka 16 anarudia rudia filamu ya Kiingereza ya msichana wa shule aliyependana na mwanamume mwenye gari zuri. Nimnyang'anye simu? (Mama, Morogoro)

Mama, kama ni ile ninayoidhani, *An Education* ya 2009, simu mwachie. Kaa naye muiangalie wote, maana nusu ya filamu ile inawasema wazazi.

Jenny ana miaka 16, anaishi Twickenham, pembeni ya London, mwaka 1961. Baba yake hana wimbo mwingine ila chuo kikuu cha Oxford. Siku ya mvua Jenny kasimama na sello yake, ala ya nyuzi kama fidla kubwa, na David, mwanamume aliyemzidi umri mbali, anasimamisha gari. Hapa mwambie binti atazame vizuri. David hamwambii apande. Anasema ana wasiwasi na ile ala isilowe, kwa hiyo aiweke garini, yeye Jenny atembee pembeni. Mwanamume mzima anayejua anachokifanya huanza kwa kuonyesha kwamba hana haja na wewe.

Kisha anakwenda nyumbani kwa wazazi, na hao ndio anaowatongoza hasa. Anamchekesha baba, anamsifu mama, anadanganya kwamba anafahamiana na mwandishi mashuhuri wa Oxford ili apewe ruhusa ya kusafiri na mtoto wao. Tamasha za muziki, mnada wa picha, hatimaye Paris. Na posa inapofika, yule baba wa Oxford kila asubuhi anageuka: mume akipatikana, chuo cha nini tena? Jenny anaacha shule kabla ya mitihani. Halafu siku moja, ndani ya gari lile lile, anakuta barua zilizoandikwa kwa bwana na bibi. David ana mke na mtoto, tena hapo jirani tu.

Kuna swali moja ninaloliuliza kwenye kila filamu ya mapenzi ya vijana, na nitalirudia hapa chini: uhusiano huu ukivunjika leo, nani anaondoka bila kupoteza kitu? David anawasha gari na kwenda zake. Jenny kapoteza shule. Mkuu wa shule anamkatalia kurudi, na anayemwokoa ni mwalimu mmoja wa kike ambaye Jenny mwenyewe alishamtolea maneno ya dharau. Kisa hiki kimetoka katika maisha ya kweli ya mwandishi wa habari wa Uingereza, Lynn Barber, ndiyo maana hakuna jini wala jambazi humo, kuna bwana mmoja mcheshi tu anayependwa na wazazi.

Muulize binti swali hilo baada ya filamu, kisha mwache ajibu. Akiuliza mambo ya huku kwetu, mwambie sheria ya elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Ila usianze na hilo. Ukianza na kifungo, mazungumzo yameisha.

Wachambuzi mnasema mapenzi ya watu waliopishana sana umri ni unyonyaji. Mbona *Harold and Maude* mnaisifia, na *Licorice Pizza* mnaikalia kimya? (Msomaji, Mombasa)

Umenibana kwa haki, kaka.

*Harold and Maude* ya Hal Ashby, 1971: kijana tajiri anayependa kuhudhuria mazishi ya watu asiowajua anampenda bibi anayekaribia kutimiza miaka 80. Watazamaji wa wakati ule waliikimbia, ikaja kupendwa polepole miaka ya baadaye. Mimi naitetea kwa swali lile lile. Harold ni mtu mzima tayari, ingawa mama yake hajataka kulijua hilo. Maude hamlipii ada, hampi kazi, hana nyumba ya kumtishia kumfukuza. Anamfundisha kupiga banjo. Na kuna sekunde chache kamera inapita juu ya mkono wa Maude, unaona namba iliyochorwa kwenye ngozi, alama ya kambi za Wanazi. Hakuna anayeitaja. Ukiikosa hiyo namba, utamwona Maude ni kibibi cha vituko tu.

Kuhusu *Licorice Pizza* ya Paul Thomas Anderson, 2021, nakubali tumekwepa. Gary ana miaka 15, Alana 25, California mwaka 1973. Filamu inajitetea kwa ujanja: mtoto ndiye mwenye mipango, anauza magodoro ya maji, na mtu mzima bado anaishi kwa wazazi hajui afanye nini na maisha. Ni kweli, na inachekesha, na mbio zao barabarani zimepigwa vizuri mno. Lakini mgeuze Alana awe mwanamume na Gary awe msichana wa miaka 15, uone kama kuna mtu ukumbini angecheka. Mwongozaji ameliuliza swali kisha akalitoroka.

Filamu ya Kenya, *Rafiki*, ilipigwa marufuku kwa sababu gani hasa? Na ni nzuri kweli, au mnaisifia kwa kuwa ilizuiwa? (Msomaji, Nakuru)

Ni maswali mawili, na watu wengi huyachanganya.

La kwanza. Wanuri Kahiu aliitengeneza kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Afrika, mwaka 2007. Wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, wanapendana, na baba zao ni wapinzani katika uchaguzi mmoja wa mtaa. Aprili 2018 bodi ya filamu ya Kenya iliizuia kwa hoja kwamba inatangaza mapenzi ya jinsia moja, ambayo sheria ya nchi hairuhusu. Kilichowakera zaidi kilikuwa mwisho wake. Mwongozaji alitakiwa aubadilishe, kwa sababu uliacha tumaini badala ya majuto. Akakataa. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha lile. Septemba, Mahakama Kuu ikaifungulia kwa siku saba ili itimize masharti ya kushindania Oscar, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mwishowe Kenya ikapeleka filamu nyingine, *Supa Modo*. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaiunga mkono bodi.

La pili. Uwe unakubaliana na mapenzi yale au hukubaliani, filamu inapimwa kwa ufundi, na kwa ufundi naipa alama nzuri, si za juu kabisa. Siasa za wale baba wawili zimeguswa juu juu. Mabango mengi, hoja hakuna. Rangi za mtaa, waridi na zambarau kila kona, zinapendeza mpaka zinazidi. Kinachoibeba ni Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, na FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, Burkina Faso, ilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2019.

Sasa uliza swali langu. Watu wanapowagundua na kuwapiga, Ziki, mtoto wa nyumba yenye pesa, anapelekwa London. Kena, mtoto wa mwenye duka, anabaki mtaani na wale wale waliompiga. Baba yake Kena anasimama naye huku akijua kura zinamponyoka. Kwangu mimi huyo baba na duka lake ndio sehemu bora ya filamu, na wachambuzi wa Ulaya karibu hawakumwona.

Kwa nini madijei wanaotafsiri muvi hawazigusi filamu za namna hii? (Mwenye kibanda umiza, Temeke)

Hazina steringi, hazina jambazi, na nusu ya mambo hayasemwi. Msichana anatazama dirishani dakika nzima, dijei atatafsiri nini? Atabuni. Na mimi, nikwambie kweli, ningelipa kiingilio kusikia atakachobuni.

Nina rafiki tangu chekechea, sasa tuko kidato cha tatu. Darasani wanatutania kwamba tuna "uhusiano", na ameanza kunikwepa. Kuna filamu inayoeleza jambo hili? (Kijana, Bukoba)

Ipo, mdogo wangu, lakini ni nzito, kwa hiyo usiiangalie peke yako. Inaitwa *Close*, ya Lukas Dhont wa Ubelgiji, 2022. Léo na Rémi wana miaka 13. Wanakimbia pamoja kwenye mashamba ya maua ya wazazi wa Léo, wanalala chumba kimoja, kama mlivyokuwa ninyi. Siku za kwanza za shule mpya, wasichana wanawauliza kama ni wapenzi. Ni swali tu, wala halikuulizwa kwa matusi. Léo anaanza kujisogeza, anajiunga na mchezo wa magongo ya barafuni ili aonekane mwanamume kama wengine. Rémi haelewi kosa lake, na anakuja kujiua.

Filamu haisemi kama walikuwa wapenzi. Wale watoto wenyewe hawakuwa wamejiuliza, na haikuwa kazi ya darasa kuwaulizia. Dhont alichochewa na utafiti wa Niobe Way wa Marekani, aliyezungumza na wavulana mwaka baada ya mwaka. Wakiwa na miaka 13 waliwazungumzia marafiki zao kwa maneno ya upendo kabisa. Walipokua, wengi walikuwa wamewapoteza au wameacha kuwazungumzia hivyo. Jambo hili huku linatuhusu sana, maana babu zako walitembea wameshikana mikono kutoka msikitini au kanisani na hakuna aliyegeuza shingo.

Rafiki yako hajakuchukia, ameogopa. Mfuate siku ambayo hakuna kundi, mwambie umeona anakukwepa na unamkumbuka. Akitaka mkutane nyumbani tu na si shuleni kwa muda, mkubalie. Na mmoja wenu akianza kujitenga na kila mtu, hali, halali, mwambieni mtu mzima mnayemwamini siku hiyo hiyo.

Nipe filamu ya wasichana marafiki ambao hawagombei mvulana. Nimechoka. (Msusi, Zanzibar)

Dada, nina mbili.

*Bande de filles* ya Céline Sciamma, 2014. Marieme ana miaka 16, mtoto wa vitongoji vya Paris, shule imeshamwambia hana nafasi ya kuendelea na masomo ya juu ya sekondari. Anapokelewa na kundi la wasichana watatu, Weusi kama yeye. Wanakodi chumba cha hoteli, wanavaa magauni ambayo bado yana vile vidude vya dukani vya kuzuia wizi, wanacheza wimbo wa Rihanna mwanzo hadi mwisho. Wasichana hawa hawakuwa waigizaji, walitafutwa mitaani, na inaonekana: wanacheka kama watu wanaofahamiana.

Ya pili iko mlangoni kwako: *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi ambayo wengi tuliisoma kidato cha tano na sita. Tulipokuwa tukijibu maswali ya mtihani tuliandika Yasmin na Denge, Denge na Yasmin, mapenzi na ukombozi. Mwajuma, rafiki wa Yasmin, tulimpa mistari miwili. Lakini Yasmin anapoikimbia ndoa aliyoozwa kwa mwanamume wa rika la baba yake, na jamaa zake hawamtaki, mlango anaougonga ni wa Mwajuma, Ng'ambo. Denge ana harakati zake, na polisi wa Mwingereza wako nyuma yake, leo yupo, kesho hayupo. Mwajuma yupo kila siku, na hataki malipo. Humo ameigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarab unayemjua, kwa hiyo hata kama mikono iko kwenye nywele za mteja, ukimsikia anaanza kuimba ndio uinue macho.