Rangi Haizibi Mshono

SWALI: Fundi, salamu. Nimeunda modeli ya T-34/85, kifaru cha Kisovieti cha Vita vya Pili vya Dunia, ya kipimo cha 1:35, moja kwa moja kutoka kwenye boksi, bila kununua kipuri chochote cha ziada. Baada ya kupuliza rangi ya kijani ya akriliki, ulijitokeza mstari kwenye urefu wote wa mtutu wa mzinga, na mwingine ukaizunguka tureti, ile sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga, ubavuni. Mwenzangu alinishauri nirudie kwa rangi nzito zaidi. Nimerudia mara mbili, vichwa vya bolti vimeanza kufifia, na mistari bado ipo. Je, nipake mara nyingine, au niifunike kwa matope ya bandia?

JIBU: Usipake tena, na hayo matope yaweke kando kwanza. Swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila anayeniuliza ameshapewa ushauri huohuo wa rangi nzito na mtu aliyezungumza kwa uhakika mkubwa. Ushauri huo hauna msingi wowote. Rangi iliyopulizwa vizuri ni utando mwembamba kuliko karatasi ya kuandikia, nao hulala juu ya plastiki ukifuata kila bonde na kila kituta ulichokiacha. Zaidi ya hapo, rangi huufichua mshono, yaani mfereji mwembamba pale vipande viwili vya modeli vilipokutana, ambao plastiki tupu ilikuwa imeusitiri, kwa sababu mtutu ukishakuwa wa rangi moja, mwanga hugonga ukingo wa mshono upande mmoja na kutupa kivuli upande wa pili, na jicho huliona hilo mara moja. Rangi nzito, kwa upande wake, hujikusanya kwanza kwenye vipembe vidogo, yaani kuzunguka vichwa vya bolti na chini ya mishikio, kabla haijapunguza kina cha mfereji wenyewe. Ndiyo maana bolti zinakupotea huku mstari ukibaki.

Kumbuka pia kwamba katika kipimo chako milimita 1 inasimama badala ya milimita 35. Mfereji wa milimita 0.2, ambao kucha yako itaugusa kwa shida, ni sawa na mfereji wa milimita 7 kwenye kifaru halisi. Mtutu wa ule mzinga wa milimita 85 ulikuwa chuma kilichochongwa kwa mashine, laini kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mstari wowote juu yake ni kosa.

Tureti ni habari nyingine, na hapa nakuomba usiharakishe kushika msasa. Tureti ya T-34/85 ilisubiwa, yaani chuma kilichoyeyushwa kilimiminwa kwenye kalibu, na pale vipande vya kalibu vilipokutana palibaki ukingo ulioinuka, wenye kukwaruza, ambao viwandani hawakujisumbua kuusawazisha wakati wa vita. Ukingo huo unaonekana wazi katika picha za vifaru hivyo. Pitisha kucha juu ya mstari wako: ukiwa umeinuka na una mikwaruzo isiyo sawa, huenda mtengenezaji wa modeli aliuweka makusudi, uache. Ukiwa umezama kama ufa, hapo ndipo nusu mbili za plastiki zilipokutana bila kuungana vizuri, nao lazima uzibwe.

Neno kuungana ndilo linalosahaulika. Gundi ya modeli haifanyi kazi kama ile ya karatasi, inayoshika vitu viwili kwa kukauka katikati yao. Huyeyusha uso wa polistireni, yaani plastiki ya modeli yenyewe, pande zote mbili, na kimiminika kikishapotea hewani plastiki mbili hubaki plastiki moja. Kwa hiyo unapounda mtutu wa nusu mbili, paka gundi pande zote, subiri kidogo hadi uso ulainike, kisha bana mpaka uzi mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka ufurike kwenye kiungo. Wanaoanza huogopa uzi huo na kuufuta, kumbe ndio unaoujaza mshono. Uache usiku na mchana mzima, kisha uukwangue kwa wembe ulioshikwa wima.

Mtutu wako umeshapita hatua hiyo, basi fanya hivi. Ondoa rangi kwa pamba iliyoloweshwa alkoholi ya isopropili, ambayo huitoa akriliki nyingi bila kuidhuru polistireni, lakini ijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Jaza mfereji kwa puti ya modeli, yaani uji mzito wa kuzibia nyufa, utando mwembamba baada ya mwingine. Puti za aina hii hunywea kadiri kiyeyushi chake kinavyotoka, na ukiisugua ikiwa ngumu juu na laini ndani, mstari uliodhani umeuzika utarudi baada ya wiki, chini ya rangi nzuri uliyoitolea jasho. Ikikauka kabisa, kata ukanda mwembamba wa msasa namba 400, uzungushe kwenye mtutu, na uvute ncha zake huku na huku kama anayeng'arisha kiatu kwa kitambaa, huku ukiugeuza mtutu kidogo kidogo. Ukisugua kwa msasa uliolazwa juu ya meza, mtutu utapata pande bapa na hautakuwa duara tena. Endelea na namba 600, kisha 1000, ambazo ni laini zaidi. Halafu puliza rangi ya msingi ya kijivu, tena nyepesi, maana kazi yake hapa ni kukuonyesha palipobaki. Ukiuona mstari, rudi kwenye puti kabla kijani hakijagusa plastiki.

Wapo wanaodai kwamba kuunda moja kwa moja kutoka kwenye boksi maana yake ni kugandisha vipande jinsi vilivyo na kupaka rangi. Si kweli. Maana yake ni kutoongeza vipuri vya nje. Kujaza mishono, kusugua na kuziba alama za mviringo zilizoachwa na pini zinazosukuma vipande vya plastiki kutoka kwenye kalibu ni sehemu ya kazi, na hata mashindano yenye kundi la modeli za namna hii kwa kawaida huyaruhusu hayo yote.

Kinachonikera zaidi ni wale wanaojiita mabingwa na kufundisha kwamba kosa lolote hufunikwa kwa kutu na matope. Matope hurushwa na minyororo, hukaa kwenye magurudumu na sehemu za chini za bodi. Mtutu uliopakwa matope urefu mzima humtangazia mtazamaji kwamba hapo pana jambo linalofichwa. Na wapo wabaya kuliko hao, wanaoelekeza watu kuondoa rangi kwa petroli au kwa asetoni, ile iliyomo kwenye baadhi ya viondoa rangi ya kucha. Asetoni huyeyusha polistireni yenyewe: tone moja kwenye kona ya tureti, na baada ya dakika chache utakuta bolti zimelainika kama nta. Petroli inaweza kuipasua plastiki, tena mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo sana ndani ya chumba kilichofungwa. Anayekushauri kuvitumia mezani pako, usimsikilize hata katika mengine. Na hiyo alkoholi nayo, itumie dirisha likiwa wazi na mbali na moto.