Kadi ya sauti ya kurekodia nyumbani: nichague ipi?

SWALI: Nina maikrofoni ya kondensa na gitaa la umeme. Nikirekodi moja kwa moja kwenye kompyuta nasikia mvumo, na sauti yangu inanirudia kwenye hedifoni ikiwa imechelewa. Ninunue kadi ya sauti ya nje ya aina gani?

JIBU: Kwa anayerekodi peke yake, matundu mawili ya kuingizia yanatosha, manane ni ya kurekodi seti nzima ya ngoma. Hakikisha tundu la XLR (la pini tatu, la maikrofoni) linatoa umeme wa volti 48, maana bila huo kondensa nyingi hazitoi sauti kabisa. Gitaa lichomeke penye alama ya "Inst" au "Hi-Z". Ukilichomeka kwenye "Line", litasikika hafifu na butu.

Kuchelewa ndiko kunakokatisha tamaa waimbaji wengi. Tafuta kadi yenye kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, sauti isipitie kompyuta kwanza. Kwenye Windows, sakinisha draiva ya ASIO (programu inayounganisha kadi na kompyuta bila kuchelewesha sana) ya mtengenezaji mwenyewe. Kisha weka bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukishughulikia, kwenye sampuli (vipimo vya sauti) 128: kwa kHz 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, hizo ni kama milisekunde 2.7 kwa kila upande, kuingia na kutoka. Sauti ikianza kukatika, panda hadi 256. Wakati wa kuchanganya sauti ulizokwisha kurekodi, 1024 haina tatizo.

Usilipie zaidi kwa ajili ya kHz 192. Biti 24 na kHz 48 zinatosha, mradi vilele vya sauti visizidi desibeli -10. Na kebo ya USB iingie kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio kisicho na umeme wake.