Kwa unayeanza kliniki ya watoto: swali la mzazi kuhusu dawa za ADHD

Swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Mwanangu hatulii hata dakika moja, iweje mnampa dawa ya kuchangamsha?" Nilipokuwa mgeni kazini nilijibu kwamba kwa watoto wa ADHD, yaani hali ya kushindwa kutulia na kuwa makini, dawa hizi hufanya kazi kinyume. Nilikosea, nawe usilirithi kosa hilo. Mwaka 1978 mtafiti Judith Rapoport na wenzake, huko Marekani, waliwapa deksitroamfetamini, mojawapo ya dawa hizi za kuchangamsha, wavulana wasio na tatizo lolote, nao pia wakapunguza pilikapilika na kuwa makini zaidi. Kwa hiyo mtoto kutulia baada ya dawa si uthibitisho kwamba ana ADHD. Uchunguzi ufanyike kwanza, na kwa utulivu.

Mzazi mweleze hivi. Seli ya neva ikitaka kupasha habari kwa jirani yake, humwaga kemikali iitwayo dopamini katika upenyo mwembamba ulio kati yao. Habari ikishafika, kuna protini zinazoifyonza dopamini na kuirudisha ilikotoka. Methilfenideti, mojawapo ya dawa za ADHD, huziba protini hizo, pamoja na zile za noradrenalini, kemikali nyingine ya kupasha habari, na kemikali hizo hukaa kwenye upenyo muda mrefu zaidi. Amfetamini, kundi la ile deksitroamfetamini, huenda mbali zaidi: huingia ndani ya seli na kuifanya imwage dopamini nyingi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwezesha mtoto kukumbuka alichoagizwa na kuuzuia mkono wake, hufaidika sana. Mimi husema tunaamsha breki. Wazazi wengi huelewa hapo hapo.

Lakini sehemu hiyo ya mbele huharibikiwa kemikali hizo zikipungua, na huharibikiwa vilevile zikizidi. Hapa ndipo nakuomba uwe na macho. Niliwahi kumhudumia mvulana aliyesifiwa sana na mwalimu wake kwa kukaa kimya. Mama yake akaniambia kwa sauti ya chini, "Hachezi tena, wala hacheki." Ile ilikuwa dozi iliyozidi, na mimi nilikuwa nimeshaandika kwamba anaendelea vizuri. Tulipoipunguza, kicheko kilirudi na umakini ukabaki. Ndiyo maana tunaanza na dozi ndogo na kupanda taratibu.

Ukiambiwa mtoto anakuwa mkali, uliza ni saa ngapi. Methilfenideti ya muda mfupi hufanya kazi kwa muda wa kama saa 3 hadi 4 tangu imezwe, na baadhi ya watoto hukasirika inapoisha mwilini. Usikimbilie kuongeza dozi.

Kabla ya kuanza, uliza kuhusu ugonjwa wa moyo kwa mtoto na katika familia. Baadaye pima uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kwa kuwa dawa hupunguza hamu ya kula na huweza kuchelewesha usingizi. Vidonge vinavyoachia dawa polepole visisagwe wala kutafunwa.

Kisha mgeukie mtoto mwenyewe, umuulize anajisikiaje akiwa amemeza dawa. Yule mvulana hakuna aliyekuwa amemuuliza.