Antivairasi Iko Kimya, Nywila Zimeshaondoka: Chunga lsass

Msomaji mmoja anayehudumia kompyuta za kampuni ya utalii hapa Arusha ameniandikia: akaunti ya admini wa domeni (msimamizi wa mtandao mzima wa ofisi) imetumika saa nane usiku kwenye seva ya uhasibu, na antivairasi haikusema kitu. Nywila ilivujia wapi?

Kabla hujamshuku mfanyakazi yeyote, anza na kompyuta ya mapokezi. Admini akiingia pale kwa akaunti yake kubwa ili kurekebisha printa, heshi ya nywila yake (alama ya siri inayotokana na nywila) na tiketi zake za Kerberos (vibali vya kuingilia kwenye mtandao) hukaa kwenye memori ya prosesi iitwayo lsass.exe, sehemu ya Windows inayothibitisha watumiaji. Mwizi aliyepata haki za admini kwenye mashine hiyo moja anaisoma memori hiyo na kuondoka na ufunguo wa ofisi nzima. Hana haja ya kuivunja nywila, maana heshi yenyewe inamtosha kuingia kwingine.

Sysmon ya Microsoft, programu ya kurekodi matukio ndani ya Windows, ni ya bure na inaweza kumwona. Wengi wanaisakinisha na kuridhika, kumbe bila faili ya mipangilio hairekodi tukio namba 10, yaani prosesi moja kufungua nyingine. Weka kanuni ya ProcessAccess inayolenga lsass.exe, kisha ipakie kwa sysmon64 -c ikifuatiwa na jina la faili.

Ukishaiwasha, kelele zitakuwa nyingi. Soma sehemu ya GrantedAccess, yaani namba ya haki ambazo prosesi imepewa juu ya lsass. 0x1000 na 0x1400 ni kuuliza habari za prosesi tu, ziondoe. Kinachotisha ni 0x10, haki ya kusoma memori. Ndiyo iliyomo ndani ya 0x1010, 0x1410 na 0x1fffff. Usikariri namba hizo tatu ukaishia hapo, kwa sababu mwizi anaweza kuomba mchanganyiko mwingine. Tazama pia 0x40, inayoruhusu kunakili mpini (handle, kibali cha kuishika prosesi) uliokwisha kufunguliwa na prosesi nyingine, na 0x80, inayomwezesha kutengeneza nakala ya lsass na kuisoma nakala hiyo badala ya yenyewe. Kwa hiyo kusanya kila kitu isipokuwa zile mbili za kwanza, uchambuzi ufanyie kwenye seva ya logi.

Kosa linaloniuma kuliko yote ni kuruhusu programu kwa jina tupu. Ukiandika kwamba MsMpEng.exe, prosesi ya antivairasi ya Defender, ipite, mwizi ataipa programu yake jina hilo hilo na kuiweka C:\Users\Public. Ruhusu kwa njia kamili ya folda. Folda ya Defender hubadilika kila toleo jipya linapoingia, basi tumia mwanzo wa njia tu, hadi neno Platform.

Kisha soma CallTrace, orodha ya misimbo iliyopitiwa hadi lsass ikafunguliwa. Ukikuta dbghelp.dll au dbgcore.dll, kuna mtu anaimwaga memori kwenye faili. Neno UNKNOWN maana yake msimbo unaendeshwa kutoka mahali pasipo na faili kwenye diski. Unganisha na tukio 11 (faili kuundwa) kwa faili za .dmp, yaani memori iliyomwagwa, na tukio 1 (prosesi kuanza) kwa rundll32 inayoita comsvcs.dll, njia nyingine ya kuimwaga.

Jaribu kwenye mashine ya majaribio: fungua Task Manager, bofya kulia lsass.exe, tengeneza faili ya dump. Tahadhari isipofika kwenye seva, mfumo wako haufanyi kazi. Faili hiyo ifute papo hapo, ina siri zako.

Ulinzi uende pamoja na uchunguzi. Kwenye rejista ya Windows, weka RunAsPPL, inayoilinda lsass isisomwe, iwe 1 chini ya Control\Lsa, washa upya, halafu hakikisha kwa tukio 12 la Wininit kwenye logi ya System (si la Sysmon). Jaribio la Task Manager litakataliwa baada ya hapo, kwa hiyo lifanye kabla. Na admini wa domeni asiingie kamwe kwenye kompyuta ya mapokezi. Ofisi zetu, Arusha hata Moshi, zinatunza nakala za pasipoti za wageni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haisikilizi kisingizio cha printa.

Tahadhari ikiwa ya kweli, chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, lakini kompyuta yenyewe usiizime, ushahidi umo kwenye memori. Ukiwa kwenye mashine nyingine, badilisha nywila ya kila akaunti iliyoingia pale. Kama admini wa domeni alikuwemo, badilisha nywila ya krbtgt, akaunti inayosaini tiketi za Kerberos, mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili ziachwe zaidi ya saa 10, muda wa kawaida wa tiketi.